Nyota Moja, Nyota Sita, Nyota Moja: Bendera ya Inchi Yetu na Watu wa Kasongo na Kabambare

Kila mutu anayepita mbele ya ofisi ya teritori kule Kasongo ao kule Kabambare anaona bendera ya inchi yetu: kitambaa cha rangi ya mbingu, nyota ya manjano juu karibu na mulingoti, na mukanda mwekundu unaokatiza kitambaa chote. Katika viwanja vya masomo watoto wanasimama mbele yake na kuimba. Lakini mutoto mwenye akili akifungua kitabu cha zamani cha baba yake, ataona bendera nyingine yenye nyota saba. Akitazama picha za babu yake, ataona bendera ya rangi ya majani mabichi, na mukono ushikao mwenge wa moto. Ndipo atauliza mwalimu wake: "Inchi yetu ni moja. Kwa sababu gani imebadilisha nguo yake mara nyingi hivi?"

Swali hilo si la kitoto. Mwalimu akijibu tu kwamba wakubwa walipenda hivyo, hajafundisha kitu. Sisi tunaosoma ukuhani, na ninyi wapadri na walimu wa dini mnaokaa na watu vijijini, inatupasa tujue jibu, kwani ndani yake kuna fundisho kubwa juu ya umoja. Basi tufuate habari hiyo tangu mwanzo wake, tukiitazama kutoka hapa kwetu, kusini mwa Maniema.

1. Kabla ya nyota

Bendera ya kwanza tunayoijua hapa kwetu haikutoka Ulaya. Ilikuwa nyekundu tupu, bila alama yoyote: ni bendera ya Sultani wa Zanzibar. Misafara ya Waarabu na Wangwana ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, na bendera ile ikatangulia mbele ya wapagazi. Kabambare ilikuwa katika njia hiyo. Mwingereza Livingstone alifika pale mwaka wa 1869, akakawia sana kwa sababu ya ugonjwa, na aliona kwa macho yake kazi ya wafanya biashara wa pwani. Kiisha, karibu na mwaka wa 1875, Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, akaweka makao yake Kasongo, pale watu wanapoita Tongoni.

Bendera nyekundu ile ilifunika nini? Ilifunika biashara ya pembe, na biashara ya watu waliofungwa kamba shingoni. Wazee wetu hawakusahau jina la Batambatamba. Lakini lazima tuseme ukweli wote: chini ya bendera ileile mashamba ya mupunga yalilimwa, miji ilijengwa, na lugha hii ya Kiswahili tunayoandikia leo ilitia mizizi katika udongo wetu. Mabaya na mazuri yalifika kwa musafara mumoja.

2. Nguo iliyoshonwa mbele ya mutoto kuzaliwa

Wakati ule, kule Ulaya, Leopold II, mufalme wa Wabelgiji, aliita mukutano wa wasafiri na wenye elimu katika muji wa Bruxelles, mwezi wa tisa mwaka wa 1876. Wakafanya chama cha kimataifa juu ya Afrika, na mwaka wa 1877 wakakichagulia bendera: kitambaa cha buluu, na nyota moja ya rangi ya zahabu katikati. Walisema kwamba nyota ni mwangaza unaoingia katika giza.

Tuone ajabu ya jambo hili. Chini ya bendera hiyo hakukuwa bado na inchi. Hakukuwa na mipaka wala wenyeji waliojua kwamba wako chini yake. Hata hivyo, tarehe 22 mwezi wa ine mwaka wa 1884, serikali ya Marekani iliitambua bendera ile kuwa bendera ya serikali rafiki. Mukutano wa Berlin uliisha tarehe 26 mwezi wa pili mwaka wa 1885, na Leta Huru ya Congo ikatangazwa tarehe 1 mwezi wa saba mwaka uleule. Kwa kawaida mutoto anazaliwa kwanza, kiisha mama anatafuta kitambaa cha kumufunika. Kwetu nguo ilishonwa kwanza, halafu wakatafuta mutoto wa kuvaa. Na mutoto hakuulizwa.

Nguo hiyo ilifikaje Kasongo? Si kwa vita kwanza, bali kwa mukataba. Mwezi wa pili mwaka wa 1887, kule Zanzibar, Stanley alipatana na Tippu Tip kwa jina la mufalme Leopold. Tippu Tip akawa liwali wa Leta katika Stanley Falls, kwa mushahara wa pauni 30 kwa mwezi, naye akakubali kupandisha pale bendera ya buluu yenye nyota. Mutu mukubwa wa Kasongo, aliyekuja na bendera nyekundu, akawa sasa mutunzaji wa nyota. Wala hakuacha biashara yake.

Mapatano ya namna hiyo hayadumu. Wabelgiji wawili, Lippens na De Bruyne, walikaa Kasongo kwa jina la Leta, karibu na Sefu, mwana wa Tippu Tip. Vita ilipowaka mwaka wa 1892, wote wawili wakauawa mwishoni mwa mwaka ule. Jeshi la Dhanis likaingia Kasongo tarehe 22 mwezi wa ine mwaka wa 1893, na Kabambare ikakamatwa mwezi wa kwanza mwaka wa 1894. Tangu hapo bendera nyekundu ikashuka, na nyota ikabaki peke yake.

Je, mwangaza uliahidiwa ukaonekana? Misafara ya watumwa ilikoma, na hilo ni jema. Lakini katika Leta ile mupira wa mwituni, upagazi na kazi za lazima zilileta mateso makubwa kwa watu wa Congo, hata malalamiko yakasikilika katika dunia nzima. Kwa sababu hiyo mufalme alipaswa kuacha Congo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji, tarehe 15 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1908. Inchi ikabadilisha bwana wake, lakini bendera haikubadilika hata uzi mumoja. Ilipandishwa tu karibu na ile nyeusi, manjano na nyekundu ya Ubelgiji. Tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka wa 1916 askari wetu waliipeleka hata Tabora, na nyuma yao kulikuwa umati wa wapagazi waliobeba mizigo ya vita. Wengi wao hawakurudi kwao.

Hivi nyota moja ilikaa miaka 83, tangu 1877 hata 1960. Ilikuwa nyota ya umoja, ndiyo, lakini umoja ule uliamriwa kutoka mbali.

3. Hesabu ya nyota sita

Tarehe 30 mwezi wa sita mwaka wa 1960 ikafika. Wakubwa wa inchi mupya hawakutupa bendera ya zamani. Waliacha buluu, waliacha nyota kubwa katikati, wakaongeza nyota sita ndogo, zikipangwa moja chini ya nyingine karibu na mulingoti. Kila nyota ndogo ilikuwa provinsi: Léopoldville, Équateur, Orientale, Kivu, Katanga na Kasaï. Sasa bendera ilianza kuhesabu.

Namna hiyo ya kuhesabu haikuwa mupya duniani. Wamarekani waliifanya tangu mwaka wa 1777: walikuwa na majimbo 13, wakaweka nyota 13 na mistari 13. Majimbo yalipofika 15, wakaongeza nyota na mistari, ikawa 15 na 15. Lakini inchi iliendelea kukua, nao wakaona kwamba wakiongeza mustari kwa kila jimbo, mwishowe mistari itakuwa myembamba kama uzi. Kwa hiyo sheria ya mwaka wa 1818 ikagawanya kazi: mistari ikarudi 13, kwa ukumbusho wa wale wa kwanza, nyota peke yake zikafuata hesabu. Nyota ya 50 iliongezwa kwa ajili ya Hawaii tarehe 4 mwezi wa saba mwaka wa 1960. Angalia tarehe hiyo: ni siku ine tu kiisha bendera yetu ya nyota sita kupandishwa. Katika juma moja, inchi mbili zilisimama mbele ya bendera mupya, na zote mbili zilihesabu.

Lakini kwetu hesabu ilivunjika mbele ya rangi kukauka. Tarehe 11 mwezi wa saba Katanga ilijitenga, ikashona bendera yake yenye misalaba mitatu ya shaba. Mwezi wa nane Kasaï ya Kusini nayo ikajitangaza kuwa inchi. Watu wa Kasongo na Kabambare hawakuhitaji gazeti kwa kujua mambo hayo, kwani mupaka wa Katanga ya kaskazini uko hapa kwetu. Ng'ambo yake, kule Kongolo, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mutakatifu waliuawa na askari tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka wa 1962.

Halafu ikaja hesabu nyingine. Tangu mwaka wa 1962 provinsi sita zilikatwa vipande, zikawa 21. Maniema, iliyokuwa sehemu ya Kivu, ikapata provinsi yake. Je, ilipata nyota? Hapana. Bendera ilisema sita, na inchi ilisema ishirini na moja. Mwalimu wa wakati ule aliyeuliza mutoto, "Nyota ya Maniema ni ipi?" angemupa shida kubwa. Mutoto angetafuta mustari wote, toka juu hata chini, asiione.

Hapo tunaona uzaifu wa bendera inayohesabu. Ikifuata hesabu, lazima ishonwe tena kila mara. Isipofuata, inasema uongo. Na hata ikisema kweli, mutu anajifunza kutazama nyota yake kwanza, na nyota kubwa nyuma.

4. Mukanda mwekundu na mwenge

Mwaka wa 1963 bendera ikageuzwa. Nyota sita zikaondoka. Ikabaki nyota moja ya manjano katika pembe ya juu, na mukanda mwekundu wenye kingo za manjano ukakatiza buluu. Walieleza hivi: nyekundu ni damu ya watu, manjano ni utajiri, buluu ni tumaini, nyota ni umoja. Bendera ikaacha kuhesabu provinsi, ikaanza kukumbuka wafu.

Na wafu hawakukosekana. Mwaka wa 1964 uasi wa Wasimba ulifika Kabambare na Kasongo na ukaendelea hata Kindu. Familia zilikimbilia pori, misioni zikafungwa. Mutu wa umri mukubwa hapa kwetu akisikia kwamba nyekundu ni damu, hahitaji kuelezwa.

Mwaka wa 1966 Maniema ilirudishwa ndani ya Kivu. Provinsi yetu ikazimika, lakini katika bendera hakuna kilichobadilika. Hapo tayari tuone faida ya nyota moja: haikumuongeza mutu Maniema ilipozaliwa, wala haikumufukuza mutu Maniema ilipozimwa.

Kiisha ikaja bendera ya tatu ya uhuru. Mwaka wa 1971 inchi iliitwa Zaïre, na bendera ikawa ya majani mabichi, na duara ya manjano katikati, na mukono ushikao mwenge. Wengi waliipenda, kwani ilifanana na za inchi nyingine za Afrika, wala haikuwa na kumbukumbu ya mufalme Leopold. Lakini mwenge ule ulitoka wapi? Ulikuwa alama ya chama, yaani MPR. Inchi ilivaa nguo ya chama, hata watu hawakuweza tena kutenganisha kimoja na kingine.

Ndugu waseminari, jambo hili liligusa nyumba zetu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka wa 1971 wakubwa wa chama waliamuru kwamba kila seminari iwe na tawi la vijana wa chama, ndiyo JMPR. Maaskofu walikataa kwanza. Kardinali Malula, Askofu Mukuu wa Kinshasa, alifukuzwa katika nyumba yake, akakaa Roma kwa miezi mwanzoni mwa mwaka wa 1972. Majina ya ubatizo yalikatazwa. Mwishowe tawi likakubaliwa katika seminari, kwani nyumba zingefungwa. Hatuandiki haya kwa kuhukumu waliovumilia wakati ule. Tunaandika kwa sababu swali lao linaweza kurudi: bendera inayopandishwa katika uwanja wetu, ni ya inchi, ao ni ya kundi moja lililokamata inchi? Mukristu anaheshimu bendera ya inchi. Lakini heshima si ibada, na hakuna mutu mwenye haki ya kudai moyo wote wa mutu, isipokuwa Mungu.

5. Kurudi kwa sita, kurudi kwa moja

Mwaka wa 1988 Kivu iligawanyika tatu, na Maniema ikawa provinsi tena. Tarehe 17 mwezi wa tano mwaka wa 1997 utawala wa Mobutu ukaisha, jina la Zaïre likaachwa, na bendera ya 1960 ikarudi, na nyota zake sita. Lakini provinsi sasa zilikuwa 11, pamoja na Kinshasa. Basi nyota sita hazikuwa tena hesabu. Zilikuwa ukumbusho, sawasawa na mistari 13 ya Wamarekani. Alama ilikuwa ileile, lakini maana yake ilikuwa imegeuka.

Hata ukumbusho ule haukutuliza inchi. Vita ya mwaka wa 1998 iligawanya Congo, na Maniema yetu ikaumia sana. Pale ndipo watu walijifunza tena kwamba kitambaa hakishoni inchi. Mioyo ndiyo inashona.

Katiba ya leo ilikubaliwa na watu kwa kura mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2005, ikatangazwa tarehe 18 mwezi wa pili mwaka wa 2006. Nayo ikarudisha nyota moja na mukanda mwekundu. Buluu ni amani, nyekundu ni damu ya mashahidi wa inchi, manjano ni utajiri, nyota ni wakati ujao wenye mwangaza. Katiba ileile ilitaka provinsi 25 pamoja na muji wa Kinshasa, na tangu mwaka wa 2015 ziko 26. Tufikiri kidogo: kama tungehesabu bado, leo tungeshona nyota ndogo 26, nasi tungegombana juu ya ipi iko juu na ipi iko chini.

6. Tufundishe nini?

Kwanza, tufundishe watoto historia yote, bila kuficha. Nyota ile haikushuka mbinguni. Ilichaguliwa na wageni, ilifunika mateso, kiisha watoto wa inchi wakaikamata na kuipa maana nyingine. Kitu kilichotumiwa kwa ubaya kinaweza kutakaswa. Sisi wenye kuheshimu musalaba, uliokuwa mbao ya kuulia watu, tunajua jambo hilo kuliko wengine.

Pili, tufundishe kwamba kukua si kuongezeka tu. Mutume Paulo aliwafundisha Wakorinto juu ya mwili mumoja wenye viungo vingi. Mwili haukui kwa kuandika majina ya viungo kwenye ngozi. Unakua kwa sababu damu moja inafika katika kila kiungo, hata katika kidole kidogo. Mutu wa Kabambare asiyeona nyota ya provinsi yake katika bendera hakupoteza kitu, kama nyota moja inamuangazia kweli: kama njia inafika kwake, kama mwalimu analipwa, kama dawa inapatikana, kama hakimu anahukumu kwa haki. Kama hayo yanakosa, hata nyota mia moja hazitamusaidia. Maneno ya inchi yetu ni Haki, Amani, Kazi. Ndiyo nyuzi za kushona bendera.

Tatu, tukumbuke mukanda mwekundu kwa majina tunayoyajua. Jimbo letu la Kasongo, lililokuwa vikariati tangu mwaka wa 1952, likawa jimbo kamili tarehe 10 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1959, wakati Baba Mutakatifu Yohane XXIII alipoweka daraja la maaskofu katika Congo yote. Kwa hiyo jimbo letu linazidi bendera ya nyota sita kwa miezi saba na zaidi. Mumoja wa maaskofu wake, Christophe Munzihirwa, alihamishwa kutoka Kasongo akawa Askofu Mukuu wa Bukavu, na pale aliuawa tarehe 29 mwezi wa kumi mwaka wa 1996, kwa sababu alisimama na watu waliofukuzwa. Alikufa wakati bendera ya mwenge ilikuwa bado juu. Haizuru. Mukanda mwekundu wa leo unamuhesabu naye, pamoja na mupagazi asiyejulikana wa Tabora na mama aliyekufa porini mwaka wa 1964.

Basi, mwalimu wa Kabambare, mutoto akikuuliza tena juu ya nyota ile, usimwambie tu rangi zake. Umwambie kwamba babu zake walivikwa bendera bila kuulizwa, kwamba baba zake walijaribu kuhesabu na hesabu ikawashinda, na kwamba yeye amepewa nyota moja asiyoweza kuigawanya. Kiisha umuulize naye: "Wewe utafanya nini, ili nyota hii iangaze pia nyumba ya jirani yako?" Jibu lake ndilo sehemu ya historia hii isiyoandikwa bado.